Kwa wewe unayeanza kazi na Oct4

Vijana wanaokwenda kuanza uzamili au uzamivu kwenye maabara za seli shina (seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) huniandikia wakiuliza wasome nini kabla hawajafika. Zamani nilikuwa nawatumia orodha ya makala kumi na kitu. Najua hawakuzisoma, maana hata mimi nilipotumiwa orodha kama hiyo sikuisoma. Siku hizi nawajibu kwa kuwapa kazi: chora Oct4, protini maarufu ya seli shina, kwenye karatasi, unipigie picha unitumie. Karibu wote wanachora duara, ndani wameandika Oct4, na mshale unatoka kwenye duara kwenda kwenye maneno "seli shina".

Simcheki mtu. Duara hilo nililichora mimi pia, nikakaa nalo kichwani miaka miwili, na lilipokuja kunitoka lilikuwa limekwisha kula karibu mwaka mzima wa kazi yangu. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie siku ile nilipokabidhiwa koti jeupe la kwanza.

La awali nitalipita haraka. Seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinanukuliwa kuwa RNA (nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini) na zipi zimenyamazishwa. Protini za unukuzi (wengine wanaziita vipengele vya unukuzi, usigombane nao) ni zile zinazoshika DNA mahali maalumu na kuita mitambo ya kunukuu, au kuizuia. Oct4 ni mojawapo. Inapatikana kwa wingi kwenye kiinitete kichanga, kwenye seli shina zinazotokana nacho, na kwenye chembe zitakazokuja kuwa mayai na mbegu za kiume. Seli inapobobea kuwa msuli au neva, Oct4 huzimwa.

Majina yatakusumbua wiki ya kwanza. Jeni yenyewe inaitwa POU5F1, na kwa binadamu iko kwenye kromosomu ya 6, mtaa mmoja na jeni za kinga ya mwili. Protini inaitwa Oct4, ila makundi tofauti yaliifikia karibu wakati mmoja, kati ya 1989 na 1990, na baadhi wakaiita Oct3. Ndiyo maana makala za Kyoto, Japani, zinaandika Oct3/4. Ni kitu kimoja. Oct inatokana na oktama, herufi nane za DNA ambazo ukoo huu unazipenda: ATGCAAAT. POU ni herufi za mwanzo za protini za kwanza kujulikana katika ukoo: Pit-1, Oct-1 na Oct-2, na Unc-86 ya mnyoo. Na desturi ya uandishi ni kwamba OCT4 kwa herufi kubwa zote ni ya binadamu, Oct4 ni ya panya. Hapa nitaandika Oct4 kote ili nisikuchoshe, lakini kwenye tasnifu yako usifanye hivyo, msahihishaji atakuandama.

Sasa kazi ya kwanza, ambayo haihitaji maabara wala fedha. Ingia UniProt, hifadhi ya bure ya mifuatano ya protini, uchukue mfuatano wa Oct4 ya binadamu. Una amino-asidi 360 (ya panya ina 352). Uchapishe kwenye karatasi, utafute kalamu za rangi. Kuanzia ya 1 hadi ya 137 paka rangi moja: huo ni mkono wa mbele, umejaa prolini na glisini, hauna umbo la kudumu. Kuanzia 138 hadi 212 rangi ya pili: hiyo inaitwa POU mahususi. Kuanzia 213 hadi 229, amino-asidi 17 tu, rangi ya tatu: kiunganishi. Kuanzia 230 hadi 289 rangi ya nne: homeodomeni. Zilizobaki ni mkia, nao hauna umbo. Mwanzoni mwa homeodomeni utaona herufi RKRKR zimefuatana. Zizungushie kalamu nyekundu. Hicho ndicho kibali cha protini hii kuingia ndani ya nyuklia, na tutarudi kwake tukifika kwenye kingamwili, yaani protini tunazotumia kuitambua Oct4 ndani ya seli.

Najua inaonekana kama kazi ya darasa la pili. Nimewaona watu wenye shahada ya uzamivu wakishindwa kujibu kwamba mabadiliko waliyoyafanya kwenye amino-asidi fulani yako sehemu gani ya protini. Paka rangi.

Ukimaliza, tafuta umbo la pande tatu kwenye Hifadhi ya Data za Protini, nalo ni bure. Namba 3L1P itakufungulia sehemu ya Oct4 inayoshika DNA ikiwa imeshikilia kweli. Zungusha picha polepole kwenye kompyuta yako. Utaona kitu ambacho hakuna duara litakalokuonyesha.

Umewahi kumtazama mkwezi akiwa juu ya mnazi? Mikono imeukumbatia mnazi kwa nyuma, nyayo zimeubana kwa upande wake, na kati ya mikono na miguu kuna kiwiliwili. Oct4 inashika DNA hivyohivyo. POU mahususi ni mikono: inazishika herufi nne za mwanzo za oktama, ATGC. Homeodomeni ni miguu: inazikanyaga nne za mwisho, AAAT, kutoka upande wa pili wa uzi. Kiunganishi ni kiwiliwili. Mikono peke yake inashika lakini inateleza, na miguu peke yake hivyohivyo. Zikiwa pamoja, mkwezi hang'oki kirahisi.

Miaka mingi kiunganishi kilidharauliwa. Kwa ndugu yake Oct1 kiwiliwili hicho ni kama kamba iliyolegea, hakionekani hata kwenye picha za fuwele za protini. Watu wakadhani kazi yake ni kuunganisha tu. Mwaka 2013 kundi lililotoa umbo hilo la Oct4 likaonyesha kwamba hapa kiunganishi kina mfupa: sehemu yake imejisokota kuwa heliksi, na heliksi hiyo imetazama nje, mahali ambapo protini nyingine zinaweza kuja kujishika. Wakabadilisha amino-asidi moja moja kwenye kiunganishi hicho. Protini iliendelea kushika DNA kama kawaida, lakini uwezo wake wa kurudisha seli zilizobobea kwenye hali ya seli shina uliharibika. Unaona maana yake? Kushika DNA na kufanya kazi ni vitu viwili. Na hapo ndipo unapopata sababu moja ya swali linaloulizwa kila mtihani wa mdomo: kwa nini Oct1 au Oct6, zenye mikono na miguu inayofanana sana, haziwezi kuchukua nafasi ya Oct4 kwenye kazi hiyo ya kurudisha seli utotoni.

Mkwezi wetu pia hapandi peke yake. Kwenye sehemu nyingi za DNA ya seli shina, pembeni mwa oktama kuna herufi nyingine zinazoshikwa na Sox2, protini nyingine ya unukuzi, na hizi mbili hukaa bega kwa bega. Mwaka 2005 kundi moja la Marekani lilipima sehemu ambazo Oct4, Sox2 na ya tatu iitwayo Nanog zimekaa kwenye seli shina za binadamu, likakuta jeni 353 ambazo zote tatu ziko kwenye mlango wake. Baadhi ya jeni hizo zinaendeshwa, nyingine zimenyamazishwa, zikingoja seli iamue kubobea. Na jeni ya Oct4 yenyewe, na ya Sox2, na ya Nanog, zimo humohumo: zinajiendesha zenyewe kwa zamu. Hapo ndipo mshale wako mmoja kutoka kwenye duara unapogeuka wavu.

Kuna jambo moja zaidi la umbo kabla sijaondoka. Ndani ya seli DNA haielei wazi kama kwenye kitabu. Imezungushwa kwenye magurudumu ya histoni, herufi kama 147 kwa kila gurudumu, nalo huitwa nukleosomu. Ni kama mnazi ulioegemezwa ukutani: mkwezi hawezi kuukumbatia pande zote mbili. Protini nyingi za unukuzi hapo hukata tamaa. Oct4 na Sox2 zinahesabika miongoni mwa zile zinazotangulia, zinazoweza kujishika kwenye DNA iliyofungwa na kuifungua kwa ajili ya wengine. Picha zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha jinsi: kwenye nukleosomu Oct4 inatumia kiungo kimoja tu kati ya vyake viwili vya kushikia, ile mikono, inasoma nusu ya oktama, na Sox2 inasaidia kuipinda DNA. Kwa hiyo ukitafuta kwenye jenomu (DNA yote ya seli) ATGCAAAT kamili tu, utakosa sehemu nyingi ambazo Oct4 inakaa kweli. Nilimwona mwenzangu akipoteza miezi mitatu na programu aliyoiandika mwenyewe kwa sababu hiyo.

Niingie kwenye maumivu yangu sasa.

Mwaka wa pili wa uzamivu nilitengeneza seli shina za panya zenye Oct4 zaidi ya kawaida. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: kama Oct4 ndiyo inayozifanya ziwe seli shina, basi ikizidi zitakuwa seli shina imara zaidi. Siku ya tatu makoloni (mafungu ya seli), ambayo kwa panya yanatakiwa kuvimba kama mandazi yenye kingo zinazong'aa, yakaanza kutandaa. Seli za pembeni zikawa bapa. Nikabadilisha midia, yaani chakula cha seli. Nikabadilisha seramu. Nikalaumu inkubeta, nikamlaumu mtu aliyeifungua mara nyingi. Wiki sita zilipita hivyo. Kisha fundi wa maabara, mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi hiyo kabla mimi sijamaliza shule ya msingi, akachungulia kwenye hadubini yangu, akauliza kwa upole: "Umeipandisha kwa kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Sikuwahi kupima. Nilikuwa nimeangalia kama ipo au haipo tu.

Akanipa makala ya mwaka 2000 ya Hitoshi Niwa na wenzake. Walitengeneza seli za panya ambazo unaweza kupandisha na kushusha Oct4 kwa dawa, kama unavyopunguza moto wa jiko. Ikishushwa, seli zinageuka kuwa za tabaka la nje la kiinitete, lile linalojenga kondo la nyuma. Ikipanda, hata haijafika mara mbili ya kawaida, seli zinabobea kuelekea endodemu ya awali na mesodemu, tabaka nyingine za kiinitete. Katikati tu, kwenye ukanda mwembamba, ndipo zinabaki seli shina. Seli zangu hazikuwa zinakufa wala hazikuwa na uchafu wowote. Zilikuwa zinafanya kile hasa ambacho makala ilisema, na mimi nilikuwa nazitibu ugonjwa ambao hazina.

Kabla ya hapo, mwaka 1998, Jennifer Nichols na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kiinitete cha panya kisicho na Oct4 kinafika hatua ya blastosisti (kijipira cha seli kabla ya kujipandikiza kwenye mji wa mimba), lakini lile bonge la ndani ambalo lingekuwa mtoto linapoteza uwezo wake na kufuata njia ya tabaka la nje. Ningezisoma hizo mbili kwa mfuatano kabla ya kugusa seli, nisingepoteza wiki sita. Kwa hiyo kama nakulazimisha kusoma kitu, ni hizo mbili, na usome matokeo yake kwenye picha kabla ya kusoma maneno.

Kivitendo: usiandike kamwe kwenye daftari "Oct4 ipo". Andika kiasi, ukilinganisha na seli za kawaida zilizokuzwa siku hiyohiyo, kwenye sahani hiyohiyo, na kupimwa kwa mkono huohuo. Ukipandisha au kushusha protini hii, weka angalau viwango vitatu au vinne. Kiwango kimoja hakikuambii kitu, kwa sababu hujui uko upande gani wa ule ukanda. Na pima protini yenyewe pia, usiishie kwenye RNA.

Hadithi ya Kyoto utaisikia mpaka uichoke, lakini isikilize kwa sikio la fundi. Mwaka 2006 Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka walianza na jeni 24 walizozishuku, wakaziingiza zote kwenye fibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya, wakapata makoloni yanayofanana na seli shina. Kisha wakafanya kitu ambacho wengi wetu hatuna subira nacho: wakaondoa moja moja, kuona ipi ikitoka kazi inaharibika. Wakabaki na nne: Oct3/4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Mwaka uliofuata ikafanyika kwa seli za binadamu, na kundi la James Thomson huko Marekani likaifanya pia kwa mchanganyiko tofauti kidogo, Oct4 na Sox2 zikiwa zimebaki, Nanog na Lin28 zikiwa mpya. Yamanaka akapewa Nobeli 2012 pamoja na John Gurdon.

Kutokana na hapo kila mtu akaamini kwamba Oct4 ndiyo isiyoweza kukosekana kwenye mchanganyiko. Nami nilifundisha hivyo. Halafu mwaka 2019, kutoka kwenye maabara ya Hans Schöler, mmoja wa wale walioigundua Oct4, Sergiy Velychko na wenzake wakaonyesha kwamba seli za panya zinaweza kurudishwa utotoni kwa Sox2, Klf4 na c-Myc bila kuongezewa Oct4 kutoka nje. Zaidi ya hapo, seli zilizopatikana hivyo zilikuwa na ubora mkubwa zaidi katika mtihani mgumu kuliko yote, ule wa kujenga panya mzima. Kuimwagia seli Oct4 kwa wingi tangu mwanzo kulikuwa kunaleta madhara yake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini isome vizuri: seli hizo bado zinahitaji Oct4. Ni ile ya kwao wenyewe, inayoamka kutoka kwenye jeni yao, kwa kiwango na wakati wake. Mpaka leo nawaona wanafunzi wakichanganya Oct4 iliyoingizwa kutoka nje na ile ya seli yenyewe, wanapima zote kwa pamoja, wanafurahi. Tengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vinavyochagua kitakachopimwa) zinazotofautisha hizo mbili. Mara nyingi sehemu ya mwisho ya RNA isiyotafsiriwa kuwa protini ndiyo itakayokusaidia, kwa kuwa ile ya kuingizwa kwa kawaida haina kipande hicho.

Sasa kosa langu kubwa, lile la kabla hata ya uzamivu. Niliwahi kufanya kazi na seli zilizotolewa kwenye mafuta ya mwili wa mtu mzima, na swali lilikuwa kama zina Oct4. Nikapima kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mzunguko baada ya mzunguko mpaka kionekane. Mstari ukatokea kwenye jeli, mahali pake hasa, urefu wake hasa. Nilitengeneza bango, nikalibandika kwenye mkutano, nikapiga nalo picha. Mama yangu bado anayo ile picha ukutani.

Mstari ule ulitokea baada ya mzunguko wa 35. Kwenye seli shina za kweli Oct4 huonekana mapema mno kuliko hapo. Hilo peke yake lingetosha kunistua, lakini nilikuwa na duara kichwani: ipo, au haipo. Mwanafunzi mmoja aliyepita mbele ya bango aliniuliza kama nimesoma mfuatano wa kile kipande. Nikasema nitafanya hivyo. Nilirudi, nikakipeleka kusomwa, na matokeo yakaja: kipande hakikutoka kwenye kromosomu ya 6. Kilitoka kwenye kromosomu ya 8.

Jenomu ya binadamu ina nakala kadhaa za Oct4 ambazo ni jeni bandia. Zilizaliwa kutokana na RNA iliyokwisha kukatwa introni (vipande vya jeni visivyotumika kutengenezea protini), ikageuzwa kuwa DNA na kujipachika mahali pengine. Hii ndiyo sababu zinatega. Kwa kawaida tunachagua praima zinazoruka introni ili uchafu wa DNA ukiingia utoe kipande kirefu tuutambue. Jeni bandia hazina introni, kwa hiyo uchafu wake unatoa kipande cha urefu uleule wa kweli. Basi weka sampuli isiyotiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Ikitoa mstari, una uchafu. Lakini hata hiyo haitoshi, kwa sababu baadhi ya jeni bandia hizo zinanukuliwa kweli kuwa RNA. Dawa ni kuchagua praima kwenye herufi ambazo jeni bandia zimebadilika, kisha kusoma mfuatano wa kipande chako. Gharama ya kusoma kipande kimoja ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kwenye mkutano kutangaza kitu ambacho hakipo.

Sikuwa peke yangu kwenye shimo hilo. Miaka hiyo kulikuwa na makala nyingi zilizosema Oct4 iko kwenye uboho, kwenye ngozi, kwenye damu, kila mahali. Mwaka 2007 Christopher Lengner na wenzake wakafuta jeni hiyo kwenye tishu mbalimbali za panya wazima: utumbo, uboho, vinyweleo, ubongo, ini. Tishu ziliendelea kujitengeneza upya kama kawaida. Nilipoisoma nilikuwa nimekwisha kulishusha bango langu.

Kingamwili ina mtego wake wa namna hiyo. Jeni ya binadamu inatoa zaidi ya umbo moja la protini. Oct4A ndiyo ile uliyoipaka rangi, yenye kazi kwenye seli shina. Oct4B ina mwisho uleule lakini mwanzo wake ni tofauti, na haiwezi kushikilia hali ya seli shina. Kingamwili inayotambua mkia itaziona zote mbili bila kuchagua. Inayotambua sehemu ya mwanzo, ndani ya amino-asidi 134 za kwanza, itaona Oct4A. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, soma karatasi ya kingamwili uone ilitengenezwa dhidi ya kipande gani, kisha kitafute kwenye karatasi yako ya rangi. Ndiyo maana nilikwambia upake.

Na ukiweka sahani chini ya hadubini ya mng'ao, angalia mng'ao uko wapi. RKRKR, unakumbuka? Oct4A ya kweli imejaa ndani ya nyuklia. Ukiona mng'ao umetapakaa nje ya nyuklia, mithili ya ukungu, usiandike "chanya". Weka seli ambazo unajua hazina Oct4, fibroblasti za ngozi kwa mfano, kwenye sahani hiyohiyo na kwa mwanga uleule. Kama nazo zinang'aa, tatizo ni kingamwili yako. Wapatholojia wanaitumia kingamwili hii hospitalini kutambua baadhi ya saratani za korodani, kama seminoma, na wao hawana utani kabisa kuhusu nyuklia. Kaa na mmoja wao nusu siku ukipata nafasi.

Usihamishe ya panya kwa binadamu bila kuuliza. Koloni bapa kwa panya ni dalili mbaya, kama yangu ya mwaka wa pili. Kwa seli shina za kawaida za binadamu ubapa ndiyo afya yenyewe. Za panya zinaishi kwa protini ya kukuzia iitwayo LIF, za binadamu zinataka nyingine, FGF2. Na mwaka 2017 kundi la Kathy Niakan katika Taasisi ya Francis Crick, London, lilipovuruga jeni ya Oct4 kwenye viinitete vya binadamu kwa CRISPR, ule mkasi wa kukatia DNA, viinitete vingi vilikwama kabla ya kufikia blastosisti nzuri, na hata jeni za tabaka la nje ziliyumba. Kwa panya tumeona blastosisti inafika. Protini ni moja, ila ratiba ya mnyama ni tofauti.

Mengine ni ya mikono, na utayajifunza kwa kuungua. Seli hazijui Jumapili wala Idi. Panga zamu na mwenzako mapema, na umlipe fadhila. Za binadamu ukizitenganisha moja moja zitakufa nyingi usipoweka kizuizi cha ROCK (kimeng'enya cha ndani ya seli) kwenye midia kwa siku ya kwanza. Pima mikoplazma, bakteria wadogo mno, kila mwezi, maana kwa hadubini ya kawaida huioni, na penisilini haiiwezi kwa kuwa haina ukuta wa seli. Kila baada ya vizazi kadhaa peleka kromosomu zikaguliwe: seli hizi zikikaa sana kwenye sahani hupenda kujiongezea vipande, hasa kwenye kromosomu za 12, 17 na 20, na zikishajiongezea zinakua kwa kasi inayokufurahisha, Oct4 yake ikiwa safi kabisa. Nilishawahi kusifiwa kwa seli za namna hiyo.

Na siku utakayopewa seli zako, kabla ya jaribio lolote, zikuze kidogo ugandishe mirija kumi. Andika kwenye kila mrija jina la seli, mnyama, kizazi cha ngapi, tarehe na herufi za jina lako, kwa kalamu ya maabara isiyofutika, halafu uandike kwenye daftari ni tangi gani, rafu gani, kisanduku gani. Mimi nina mirija minne ya mwaka wangu wa kwanza ambayo mpaka leo iko kwenye nitrojeni kule nilikosomea, na hakuna anayejua, mimi nikiwemo, kama ni ya panya au ya binadamu.